Forester yenye kalipa za WRX inayolia breki: sikiliza kwanza kabla hujanunua pedi nyingine

Mkuu, umesema Subaru Forester yako SG5 (ile ya kizazi cha pili) imefungwa kalipa za mbele za pistoni nne (kalipa ni kile chuma kinachobana pedi kwenye diski) kutoka kwenye Subaru Impreza WRX, na tangu siku hiyo breki zinalia. Pedi umeshabadilisha zaidi ya mara moja, na sasa fundi anataka akereze diski, yaani azichonge uso kwa mashine. Subiri kidogo kabla hujampa hizo diski. Mimi nina gari hilohilo na kalipa hizohizo, na nimeishi na kero hii mpaka mlinzi wa nyumba ya jirani akawa anajua nimerudi kabla sijafika getini. Nitaandika kirefu, kwa sababu kila anayeuliza jambo hili hujibiwa "weka pedi orijino" na mjadala unaishia hapo, wakati pedi ni sehemu ndogo tu ya habari yenyewe.

Mlio wa breki ni mtetemo. Pedi inashika diski, inateleza kidogo, inashika tena, mara elfu na zaidi kwa sekunde moja, na diski, kalipa na bamba la mgongoni mwa pedi vyote vinaitikia. Ukikanyaga kwa nguvu, mara nyingi mlio unakata, kwa kuwa pedi imebanwa na haina tena nafasi ya kucheza. Kumbuka chaki ubaoni. Mwalimu akiishika wima kwa ncha ndefu inapiga yowe, darasa zima linaziba masikio. Akiikata katikati au akiilaza, kimya. Chaki ni ileile na ubao ni uleule, ila imeshikwa vingine. Ndiyo maana pedi mpya zikafungwa Jumamosi na kufikia katikati ya wiki zinalia kama zile za zamani: umebadilisha chaki, mkono umebaki ni uleule.

Kwenye gari ambalo halijaguswa, huo mkono ulipangwa kiwandani. Kalipa, pini, springi, bamba la pedi na diski vilipimwa vikiwa pamoja. Sisi wa kubadilisha tunachukua kalipa ya gari moja, diski ya dukani, pedi ya kopi na bati la vumbi lililokuja na gari, halafu tunategemea vipatane. Kila kimoja kinaweza kuwa kizima kabisa na bado vikagombana. Kwa hiyo kwenye gari la aina yetu mimi huanza na maungio: nini kinagusana na nini, na ni kidude gani kidogo ambacho hakikuja na mzigo.

Kabla ya jeki, sikiliza. Zima redio, shusha vioo, tafuta barabara tulivu yenye ukuta mrefu upande mmoja, upite karibu nao kwa mwendo wa kama kilomita 20 kwa saa, kisha ugeuze ili ukuta uwe upande wa pili. Ukuta unakurudishia sauti na utajua ni kushoto au kulia. Mtu aliyekaa kwenye usukani peke yake hudanganyika kirahisi sana kuhusu upande, na mafundi wengi hufungua upande walioambiwa na mteja.

Halafu jiulize mlio unafanya nini ukigusa pedali. Ukianza pale tu unapokanyaga, na hasa ukikanyaga kidogo kama kwenye foleni, ni pedi na diski zinatetemeka. Ukiwepo gari likitembea lenyewe na kukata ukikanyaga, kuna pedi iliyolegea kwenye kiti chake, na breki ikiibana inatulia. Ukiwa haujali kabisa kama umekanyaga au hujakanyaga, unafuata tu mzunguko wa tairi na labda unabadilika ukikata kona, basi toka kwenye pedi, nenda kwenye bati la vumbi, jiwe lililonasa, au beringi ya tairi.

Gari langu lilikuwa na mlio wa kwanza na wa tatu kwa pamoja, na hapo ndipo kila fundi alipopotelea. Mmoja alisikia mkwaruzo, akaniambia beringi. Mwingine alisikia filimbi, akapiga pedi msasa. Hakuna aliyekuwa mwongo, kila mmoja alisikia sauti yake. Kama na wewe umepewa majibu yanayopingana, kuna uwezekano mkubwa una sauti mbili, na ukiponya moja utadhani hujaponya kitu.

Jaribio jingine la bure ni handibreki. Kwenye eneo tupu, mwendo wa chini, bonyeza kitufe chake na ukishikilie, kisha inua taratibu tu. Mlio ukibadilika, angalia nyuma. Kwenye Forester zenye diski nyuma, handibreki ni ngoma ndogo iliyofichwa ndani ya diski, yenye viatu vyake (vipande vya upinde vinavyotanuka kuishika ngoma kwa ndani). (Wazee wa Subaru Leone watakumbuka kwamba kwenye zile handibreki ilikuwa inashika tairi za mbele. Tusichanganye.)

Sasa fungua. Weka kabari kwenye tairi za upande wa pili, inua kwa jeki, weka stendi, gia iwe huru. Kulala chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hapana. Toa tairi na uzungushe diski kwa mkono.

Anza na bati la vumbi, lile bati jembamba nyuma ya diski. Forester nyingi zisizo na turbo zilikuja na diski ndogo kuliko za WRX. Kalipa za pistoni nne zinataka diski ya kipenyo cha milimita 294 na unene wa 24. Bati lililotengenezwa kwa diski ndogo halina nafasi ya diski hiyo, kwa hiyo mfungaji analipiga nyundo kidogo lipishe, na baada ya wiki kadhaa za matuta na mashimo linarudi kugusa. Mkwaruzo wangu ulikuwa huo. Alama ilionekana waziwazi: mstari unaong'aa kwenye ukingo wa bati, upande wa mbele chini. Nililikata ukingo kwa mkasi wa bati na kulilainisha kwa tupa. Wapo wanaoling'oa kabisa. Siwafuati, kwa sababu barabara zetu za pembeni zina kokoto na tope, na bati hilo ndilo linalokinga uso wa ndani wa diski.

Ukiwa hapo, pima kipenyo cha diski. Nimewahi kuona gari lenye kalipa hizi juu ya diski ya milimita 277. Bolti zinakubali, breki inashika, na mwenye gari hana habari. Ila pedi inatokeza nje ya ukingo kwa milimita nane na nusu, sehemu hiyo haisuguliwi, inabaki kama kijino kinachoshuka na kukumbatia ukingo wa diski. Hapo breki italia na kilio ni cha haki. Kigezo cha haraka ni rimu: kama gari bado linavaa rimu za inchi 15 baada ya kufungwa "breki za WRX", kagua vizuri umefungwa nini. Za 16 zenyewe si zote zinazopisha kalipa hizi.

Kisha kalipa, na hapa ndipo penye mambo. Kalipa ya pistoni nne ni ya kusimama, pistoni mbili kila upande, yenyewe haitembei. Kwa hiyo ule ushauri wa kila siku wa "paka grisi pini za kalipa zinazoteleza" haukuhusu mbele, unahusu kalipa ambayo mwili wake unatembea. Kwenye hii, pedi zinaning'inia kwenye pini mbili zinazopita juu, na kati yake kuna springi ya bati inayozisukuma pedi zitulie. Uzuri wake ni kwamba ukichomoa pini hizo, pedi zinatoka kwa juu bila kufungua kalipa wala kusumbua mpira wa mafuta.

Kalipa za mtumba zinazouzwa kwetu, iwe Ilala au Kariakoo Gerezani, mara nyingi zinakuja mwili mtupu. Springi imepotea, shimu (vile vibati vyembamba vya mgongoni mwa pedi) zimetupwa na pedi za zamani, pini moja ni ya kweli na nyingine mtu kakata nondo nyembamba. Muuzaji haoni tatizo, kwa kuwa gari linasimama. Na kweli linasimama. Lakini pedi bila springi inacheza juu na chini, na pedi bila shimu inagongana na pistoni chuma kwa chuma, na huo mtetemo wote unaenda moja kwa moja kwenye kalipa. Ndiyo filimbi ya foleni. Zangu zilikuja hivyo hivyo, springi hakuna upande wa kulia, na pini ya juu ilikuwa na mfereji ulioliwa ambao unaukwaruza kwa kucha ukausikia. Pedi ikifika kwenye mfereji huo inanasa, inakaa upande, inagusa diski kwa ukingo mmoja.

Seti kamili ya pini, springi na vishikizi vyake inauzwa peke yake, hata ikiwa ya kuagiza, na bei yake haifiki seti moja ya pedi nzuri. Ungenunua hiyo kabla ya seti ya pili ya pedi. Shimu nazo, kama pedi zako hazikuja nazo, zitafute za umbo la pedi hiyohiyo. Nimeona watu wanakata kopo la soda. Linanyamazisha siku chache, kisha bati linakatika na kusogea kuelekea kwenye diski. Usifanye.

Kuna jambo la rangi pia. Kalipa hizi zikiwa nyekundu zinapendeza nyuma ya rimu, na zilizopauka hupigwa rangi upya kabla ya kuuzwa. Mpiga rangi hana habari na viti vya pedi, anapulizia kote. Tabaka la rangi kwenye kingo ambako pedi inateleza linatosha kuifanya ibane, isirudi ukiachia pedali. Inaburuza, inapata moto, uso wake unang'aa na kuwa mgumu, kisha inaanza kulia. Kwaruza rangi yote kwenye viti hivyo kwa tupa laini na brashi ya waya mpaka chuma kionekane, halafu jaribu pedi kwa mkono: iingie bila nyundo na isicheze kwa upana. Pedi za kopi zina ugonjwa wa kinyume, bamba lake dogo kuliko linavyotakiwa, linapwaya. Ikipwaya sana, hakuna grisi itakayoisaidia, irudishe dukani.

Pistoni zenyewe zikague moja moja. Toa pedi za upande mmoja, weka kipande cha mbao mahali pake ili pistoni zisitoke zote, msaidizi akanyage taratibu sana huku ukitazama. Zote nne zinatakiwa kuanza kusogea karibu pamoja. Ikiwepo inayobaki nyuma, pedi inasukumwa upande mmoja na utaikuta imelika kama kabari, nene huku, nyembamba kule. Kwangu ilikuwa pistoni moja ya ndani, upande wa kulia, mpira wake wa vumbi umechanika na kutu imeingia. Tuliifungua, tukasafisha, tukaweka seti mpya ya mipira. Pistoni ikishashikwa na kutu yenye mashimo, msasa hauirudishi, tafuta nyingine. Na unapozirudisha ndani, tazama kopo la mafuta ya breki: yatapanda, na yakimwagika yanakula rangi ya gari.

Grisi ni kidogo sana, na mahali pake tu: nyuma ya bamba pale pistoni inapogusa, kati ya shimu na bamba, na kwenye kingo zinazoteleza. Tumia grisi ya breki ya silikoni au ya seramiki inayostahimili joto. Grisi ya beringi inayeyuka na kutiririka kwenye uso wa pedi, na grisi au oili yenye asili ya petroli inavimbisha mipira ya kalipa. Kuhusu oili chakavu kupakwa "kidogo tu" ukingoni mwa diski ili inyamaze, nimeshuhudia fundi akifanya, na nikaondoka na gari langu.

Msasa juu ya pedi si dhambi. Unaondoa ule uso uliong'aa, na ukichonga kingo mbili za pedi zikae mshazari kidogo unaifanya isiingie kwenye diski kwa ncha kali, yaani umeilaza chaki. Ila kama pini, springi na pistoni hazijashughulikiwa, uso utang'aa tena. Na vumbi la pedi usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo. Lowesha, futa, tupa kitambaa.

Sasa hiyo hoja ya kukereza. Diski inakerezwa kwa sababu mbili: ina mifereji inayoshika kucha, au imepinda na usukani unatetemeka ukikanyaga ukiwa kasi. Wewe hujalalamikia mtetemo wa usukani, umelalamikia mlio. Kama ana saa ya kupimia (kifaa chenye mshale kinachoonyesha mchezo mdogo), aiweke karibu na ukingo wa diski na kuizungusha. Mchezo wake ukiwa ndani ya kikomo cha kiwanda, akuachie. Unene wa chini umegongwa kwenye diski yenyewe, na kwa hizi za 24 mwisho ni 22, kwa hiyo kila ukikereza unakula akiba ya milimita mbili tu. Kerezo mbovu linaacha mistari ya mzunguko kama ya sahani ya santuri, na hiyo nayo inalia. Kabla ya yote, toa diski, safisha habu (kitovu ambacho diski na tairi hufungwa) kwa brashi ya waya. Kutu iliyonasa kati ya habu na diski inaifanya diski ionekane imepinda wakati ni nzima.

Pedi sasa, kwa ufupi. Ukinunua za mashindano zinazotaka joto kali, zitalia mjini na hazina kosa. Mimi natembea foleni ya Dar kila siku na kuteremka Kitonga mara chache kwa mwaka, kwa hiyo natumia pedi ya kawaida ya daraja zuri, na kwenye ule mteremko nashusha gia badala ya kulalia pedali. Diski zenye matobo na mifereji zina mvumo wao ukikanyaga, na huo hauponi. Halafu kagua kile kidole cha chuma kwenye pedi kinachotoa onyo zikiisha. Kwenye kopi kimepindwa vibaya na kinagusa diski pedi ikiwa mpya kabisa.

Ukishafunga kila kitu, zifundishe pedi kazi, yaani zizoeane na diski. Alfajiri, barabara ya Bagamoyo ukishaipita Bunju, au popote penye nafasi: panda mpaka kama 60, shika breki kwa uthabiti mpaka karibu 15 bila kusimama kabisa, panda tena, rudia mara nane au kumi, kisha tembea bila kugusa breki mpaka zipoe. Usisimame na kukandamiza pedali zikiwa za moto. Hatua hii wengi wanairuka, kisha wanasema pedi mbovu.

Ukikaa karibu na bahari, Kigamboni au Msasani, kila asubuhi utasikia mkwaruzo wa mara mbili tatu unapotoka. Ni kutu ya usiku mmoja kwenye chuma cha diski, inafutika yenyewe kabla hujafika barabara kuu. Huo siuhesabu, na wewe usiupeleke kwa fundi. Kwangu ndio uliobaki.

Kama mbele kila kitu kiko sawa na mlio bado upo, rudi nyuma kwenye ile ngoma ya handibreki. Waliobadilisha na nyuma pia mara nyingine huweka diski ya gari lenye ngoma ya milimita 190 juu ya viatu vya ngoma ya 170, au kujaribu kinyume chake na kushangaa haiingii. Ya kwanza inaingia, ila viatu havifiki kwenye ngoma, handibreki inavutwa mpaka darini na vipande vinacheza ndani.

Ukifungua, piga picha migongo ya pedi zote nne kabla hujazifuta, pamoja na pini mbili za kila upande, uziweke hapa. Sema pia mlio unaanza au unakata ukigusa pedali, na rimu zako ni inchi ngapi. Na kama springi ya katikati haipo, acha kusoma, nenda kaitafute kwanza.